Kinyozi Asiyejua Kulia

Jumatatu, 6 Mei

Mdomo huu! Utaniua siku moja, na hata mazishini kwangu utaendelea kuahidi watu mambo.

Jana tulikuwa kwa mama mkwe. Tumekaa vizuri, tumekula vizuri, ningeweza kuondoka vizuri. Mazungumzo yalikuwa juu ya mke wangu. Amepewa nafasi ya kuwa muuguzi mkuu katika ile hospitali mpya nje ya mji, kazi aliyoingojea tangu watoto wakiwa chekechea. Tatizo ni usafiri. Zamu inaanza alfajiri, na basi la kwanza linafika watu wameshaanza kazi. Kazi yenyewe ni mwezi wa nane, lakini hospitali wanataka jibu mwisho wa wiki ijayo.

Na gari lipo! La marehemu baba mkwe, liko uani chini ya turubai. Kila wiki mama mkwe analifunua, analipangusa, analifunika tena. Jana akasema wazi kwamba gari ni la binti yake huyu, ikiwa nyumbani kwetu kuna wa kuliendesha. Kama hakuna, funguo atazichukua mwanyumba.

Mwanyumba ni mume wa mdogo wake mke wangu. Ana leseni. Anajua magari, anajua siasa, ukimuuliza mvua itanyesha lini atakutajia saa. Akajiegemeza kitini akasema kwake hakuna shida, gari likae kwake tu, na akipata nafasi atakuwa anamdondosha shemeji kazini. Akipata nafasi! Muuguzi mkuu mzima asubiri mtu amalize chai!

Ndipo nikasimama. Hakuna aliyeniomba. Nikasema funguo zisiende popote, Jumamosi ya wiki ijayo nakuja hapa na kibali cha kujifunzia udereva. Wote wakanitazama. Mama mkwe akauliza kwa upole kama nimewahi kushika usukani. Nikamjibu kwamba udereva ni kama kunyoa, jicho mbele na mkono mwepesi. Mwanyumba alicheka mpaka akapaliwa. Mama mkwe akasema haya, Jumamosi hiyo, kibali mezani, funguo mkononi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu alinishika mkono. Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na jasho.

Sasa niandike hapa jambo nisiloweza kumwambia mtu. Mimi, kinyozi mwenye duka langu na baba wa watoto wawili, sijui kulia na kushoto.

Hapana, najua. Ila nachelewa kujua. Kosa si langu, ni la lugha. Nilipokuwa mdogo bibi alinifundisha kwamba mkono wa kulia ni ule unaolia chakula. Rahisi kabisa. Ila mimi nilizaliwa mashoto. Nikala kwa mkono wangu, nikajua basi huo ndio wa kulia. Hakuna aliyegundua mpaka shuleni, kwenye gwaride, darasa zima lilipogeuka huku na mimi nikageuka kule, nikagongana vipaji vya uso na kiranja. Tangu siku ile nikisikia "kulia" najiuliza kwanza nakula kwa mkono upi, halafu nageuza jibu. Wakati huo wenzangu wameshafika.

Dukani nimelificha miaka yote. Mteja akisema nipunguze kulia, napunguza popote, kisha nalinganisha upande wa pili. Mtaa mzima unaniita Sawasawa. Wanadhani ni ustadi, na mimi huitikia.

Jumanne, 7 Mei

Nimejiandikisha. Shule ya udereva ni chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Mabenchi, chati ya alama za barabarani ukutani, na katikati meza kubwa yenye mji juu yake. Mji kamili! Barabara zimechorwa kwa rangi, kuna soko, kituo cha mafuta, hospitali ya kibao, na kipilefti, ule mzunguko wa magari, chenye mti wa plastiki. Unakabidhiwa kigari cha mbao, unaambiwa toka hapa nenda pale, unakisukuma huku unaeleza unachofanya. Mtihani wenyewe ndivyo ulivyo, kwanza alama, kisha meza. Wangu ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Mwalimu ni mama wa makamo, mfupi, hana haraka na hana huruma. Wanafunzi wenzangu vijana watupu. Waliniamkia kwa heshima na kunipisha benchi la mbele. Heshima ilidumu mpaka nilipokabidhiwa kigari.

Mwalimu alisema toka sokoni, kata kulia. Nikajiuliza nakula kwa upi. Nikageuza. Kwa wasiwasi nikageuza tena. Nikaenda kushoto, nikapanda ukingo wa barabara, nikaangusha hospitali. Katika majengo yote ya mji ule, hospitali! Vijana wakaumana midomo wasicheke.

Nikasema ni miwani. Sina miwani wala sijawahi kuwa nayo. Mwalimu akasema basi kesho nije nayo.

Jumatano, 8 Mei

Hila ya kwanza. Asubuhi nilimwomba mteja anyooshe mkono wake wa kulia, nikidai natazama kama kitambaa kimemkaa vizuri. Nilisimama nyuma yake ili tuwe tunatazama upande mmoja, tusije tukageuzana. Akili hiyo! Nikalinganisha mkono wake na wangu. Kisha nikachukua kalamu ya wino usiofutika, nikajiandikia kiganjani herufi moja kubwa. K. Ya Kulia.

Darasani niliingia kifua mbele. Mwalimu akaniita mezani, akasema toka kituo cha mafuta, kata kushoto. Nikafungua kiganja. K.

K gani?

Kulia, K. Kushoto, K. Lugha nzima ina herufi za kumwaga, na hizi mbili wamezipa moja! Nilisimama na kiganja wazi muda mrefu kiasi kwamba mwalimu alizunguka meza akaja kutazama. Akauliza K hiyo ni ya nini. Nikasema ni herufi ya jina la mke wangu. Darasa likaguna kwa huba, msichana mmoja akasema wanaume kama hao wamekwisha. Jina la mke wangu halina K hata moja.

Nimesugua kwa sabuni ya ndevu, kwa spiriti, kwa ndimu. Bado ipo. Nyumbani mke wangu aliiona nilipokuwa nanawa, nikamwambia ni ya Kibali, nimejiwekea ili nisilisahau lengo. Akatabasamu, akasema ananiombea. Nimekula kichwa chini.

Ijumaa, 10 Mei

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Laiti ningewasikiliza.

Hila ya pili ilikuwa alama isiyohitaji kusomwa. Nitanyoa sharafa moja, ile ndevu ya shavuni, upande wa kulia. Darasani nikipapasa shavu, palipo patupu ndipo kulia. Nikasimama mbele ya kioo na wembe. Hapo ndipo ujuzi wangu uliponiponza. Nimefanya kazi na kioo maisha yangu yote, najua kioo hugeuza mambo. Kwa hiyo nikageuza. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi mwenyewe huwa nageuza. Sasa nigeuze tena, au niache? Nikapotea kabisa humo kiooni. Nikanyoa tu.

Wakati huohuo akaingia mwanyumba. Hajawahi kunyolewa kwangu hata siku moja. Akatazama shavu lenye ndevu, akatazama shavu lisilo na ndevu, akauliza kama ni mtindo. Nikasema ndiyo, huko mjini wameshaanza. Akakaa kitini, benchi likiwa limejaa wateja, akaanza kunihoji kwa sauti. Eti mwanyumba, kwenye kipilefti unampisha nani?

Nikajibu mwenye haraka. Benchi likacheka. Akasema hapana, unampisha anayetoka kulia kwako. Nikasema huyohuyo ndiye mwenye haraka. Mara hii hawakucheka. Walinihurumia, na mzee mmoja akanisogezea maji ya kunywa.

Kisha mwanyumba akasema nimpunguzie kidogo kulia, hapo juu ya sikio. Nikapunguza. Akasema si sikio hilo. Nikapunguza lile jingine. Hayakulingana. Nikalinganisha, yakaacha kulingana kwa namna nyingine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wale wa benchini waliona, lakini badala ya kutia maji walianza kukumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Mwanyumba aliondoka na kichwa kitupu kinachong'aa, na ana kichwa kirefu, hakuna aliyekuwa akilijua hilo.

Nikafurahi kidogo. Halafu nikaona haya, kwa sababu sikumnyoa hivyo kwa kisasi. Sikujua tu sikio lake la kulia liko wapi, na hilo nilikuwa nimelishika kwa mkono wangu.

Jioni nimenyoa sharafa ya pili.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu alirudi zamuni amechoka, lakini akasema anisomeshe. Alishika kitabu cha alama, akaniuliza moja baada ya nyingine. Hakuna kupita, barabara inateleza, watoto wanavuka, mwisho wa lami. Nilizipata zote. Alama hazina matatizo na mimi. Alifurahi, akanipigia makofi kidogo kama anavyofanya mgonjwa akimaliza dawa.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kama jambo hili linanielemea anaweza kufanya mtihani yeye. Naye amekuwa akikisoma kitabu hiki wakati wa mapumziko, hakioni kigumu.

Nilipaswa kumbusu mikono. Badala yake nikavimba. Nikamwambia haiwezekani mtu atoke kuhudumia wagonjwa aende kusukuma vigari vya mbao, apumzike, mimi nipo. Nikasema hata mwanyumba angetucheka. Akafunga kitabu, akasema sawa. Ile "sawa" yake nimekuwa nikiisikia mpaka sasa.

Jumatatu, 13 Mei

Viatu! Nimewaza leo wakati navaa viatu. Cha kulia hakiingii mguu wa kushoto. Kumbe miaka yote miguu yangu inajua, kichwa ndicho hakijui.

Nikaenda kwa fundi viatu jirani na duka langu, nikampa vyangu vyote viwili, nikamwomba anirudishie kile cha kulia kwanza. Akanitazama, akanirudishia. Nikatia humo kokoto moja ndogo. Hila ya tatu, na hii ndiyo mama yao. Panapouma ni kulia.

Darasani nilikuwa mtu mwingine. Mwalimu akisema kulia, nasikiliza mguu, nakata. Kushoto, nasikiliza, nakata. Nikatoka sokoni, nikazunguka kipilefti, nikampisha mwendesha baiskeli wa plastiki, nikaegesha mbele ya hospitali bila kugusa ukuta. Mwalimu akasema afadhali. Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo na mwanamke ambaye sijamwoa.

Nimerudi nyumbani nikichechemea kwa furaha. Mke wangu hakuwepo, alisema ana shughuli mjini.

Jumatano, 15 Mei

Kokoto inafanya kazi yake vizuri mno. Kidole kikubwa kimechubuka, kimevimba. Leo mke wangu aliniona nikipanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Muuguzi hafichwi mguu. Akanikalisha, akavua soksi, akatazama kidonda, akauliza kimetokana na nini. Nikasema viatu vipya. Viatu vile nilivinunua kabla mtoto wa pili hajazaliwa, na ni yeye aliyenichagulia.

Alileta beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, akapiga magoti akaniosha mguu, bado na sare yake ya kazini. Huku akiosha akaniambia kwamba hospitali wamempigia tena. Amewaomba wangoje mpaka Jumamosi mchana, na wamesema baada ya hapo watamwita mwingine. Akasema hivyo polepole, kama anayeeleza hali ya hewa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, beseni na vyote.

Alhamisi, 16 Mei

Kidole kimekataa kokoto. Nimeihamishia kiatu cha pili ili mguu mgonjwa upumzike. Hakuna tatizo. Ni kukumbuka tu kwamba sasa panapouma ni kushoto. Nimejizoeza kutwa nzima nikitembea dukani. Panapouma siko, pasipouma ndiko. Mteja mmoja aliuliza nasema na nani.

Ijumaa, 17 Mei

Nitaandika kwa kifupi maana mkono wenyewe unaona haya.

Mke wangu aliomba ruhusa kazini aje nami. Alivaa lile gauni lake la kutokea. Alikaa kwenye benchi la ukumbini pale ofisi ya vibali, ambako kuna meza kama ile ya shuleni, mlango wa chumba cha mtihani ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani tulikuwa mimi na vijana wanaongoja zamu yao, na mtahini, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini.

Alama, zote nimepata. Moja tu ilinihangaisha, ile ya mshale uliopigwa mstari mwekundu. Nikasema hairuhusiwi kukata kona upande huo. Akauliza upi. Nikasema huo. Akataka niseme kwa mdomo, si kwa kidole. Nikasema ule ambao mshale unataka kwenda. Akanitazama kidogo, akanipa.

Kisha mezani. Yeye akasimama ng'ambo, tukitazamana. Akasema nitoke kituo cha mafuta niende hospitali, na nikifika makutano nikate kulia.

Nikafika makutano. Nikasikiliza miguu.

Ilikuwa inauma yote miwili! Mmoja kwa kidonda, mmoja kwa kokoto. Nikaisikiliza tena, labda mmoja utazidi. Hakuna uliozidi. Mtahini akarudia, kulia. Nikajiuliza nakula kwa mkono upi, nikashindwa kukumbuka hata kama nimekula. Akataka kunisaidia, masikini, akainua mkono wake wa kulia anionyeshe, lakini alikuwa amesimama mbele yangu, kwa hiyo wa kwake ulikuwa upande usio wangu, na hapo yale machache niliyokuwa nayo yakaondoka.

"Kulia, bwana," akasema taratibu. "Kulia tu."

Basi machozi yakanitoka. Haikuwa hila. Mtu mzima, mwenye duka, nimeshika kigari cha mbao, machozi yanadondokea barabarani. Vijana wakatazama sakafu. Mtahini akaweka kalamu chini, akasema hakumaanisha kulia huko.

Ndipo sauti ikaja kutoka mlangoni, ya chini, ile anayotumia kwa wagonjwa.

"Baba watoto. Upande wa dirisha."

Nikageuza kigari upande wa dirisha. Nikapita makutano, nikafika hospitali, nikaegesha. Safi kabisa. Mtahini akasema safari ilikuwa nzuri, ila dereva alikuwa mama pale mlangoni. Akaandika kwamba nimesaidiwa. Sikufaulu.

Tulirudi kwa miguu, na ile miwili iligoma, mimi nikichechemea huku na huku. Nilikuwa narudia lile neno kichwani. Upande wa dirisha. Chumvi iko upande wa jiko. Sogea upande wa ukuta. Ukifika pale pita upande wa kwa fundi. Lala upande wa mlango. Nikajaribu kukumbuka ni lini mke wangu ameniambia kulia au kushoto. Nikarudi nyuma mpaka harusini. Hakuna. Hata watoto! Juzi tu binti yangu ameniambia baba una doa upande wa mfuko. Amewafundisha.

Nikasimama barabarani nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu uchumba, siku aliyonielekeza kwao na mimi nikaenda kubisha hodi nyumba ya ng'ambo.

"Ulikuwa unahangaika sana kuficha," akasema. "Nikaona nikusaidie kuficha."

Aibu ya kuchekwa naijua, tumekua pamoja. Hii ya kusitiriwa miaka yote bila kujua ni nzito zaidi, na sikujua pa kuiweka. Nilimwomba radhi kwa kila kitu, kwa mtihani, kwa K, kwa viatu vipya. Akasema hiyo ya viatu vipya aliipenda.

Nyumbani akanikalisha, akachukua kiganja changu akakiweka kifuani kwangu. Akasema moyo unapodunda zaidi, huko ndiko kushoto, na huu hautahama. Nikatulia, nikasikiliza. Ulikuwa unadunda masikioni, magotini, mpaka kwenye kidole chenye kidonda. Nikamwambia wangu uko kote. Akacheka. Halafu akachukua simu, akaitazama muda mrefu, akairudisha mkobani bila kupiga.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi mke wangu alitoka mapema, nikadhani zamu. Akasema tukutane kwa mama yake.

Nilifika wa kwanza, mguu kwa mguu na uongo wangu. Nilikuwa nimeuandaa njiani. Ofisi imeishiwa karatasi za vibali, watu wengi tumeambiwa turudi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilihitaji inifikishe mpaka baada ya chakula tu.

Wote walikuwepo. Funguo katikati ya meza. Mwanyumba amevaa kofia ndani ya nyumba. Mke wangu akaingia anahema. Mama mkwe akauliza, haya, kibali kiko wapi. Nikafungua mdomo.

Mke wangu akawahi. Akafungua mkoba, akaweka karatasi mezani. Kibali. Mhuri, picha, jina lake. Kumbe alijiandikisha Jumatatu, siku moja baada ya mimi kumwambia apumzike, na leo asubuhi amesimama mbele ya mtahini yuleyule, meza ileile, akafika hospitali bila kumgonga mtu.

Mwanyumba akanionyesha kwa kidevu, akauliza, na huyu bwana vipi, si ndiye aliyeahidi?

Mke wangu hakunitazama.

"Alinipisha," akasema.

Mama mkwe aligeuka akanitazama kwa macho ambayo hajawahi kunipa tangu nimuoe binti yake. Akasema wanaume wanaojua kupisha ni adimu, hata marehemu ilimchukua miaka. Akazichukua funguo, akazitia mkononi mwa binti yake. Mke wangu alitoka mpaka ukumbini na simu. Tulimsikia akisema ndiyo, ndiyo, mwezi wa nane, nitafika mwenyewe, nina gari. Sauti yake ilikuwa inacheza. Macho yakanichoma, nikajifanya naangalia turubai la uani.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, ale, ashukuru. Nilikuwa nimepewa heshima bure, safi, imekunjwa vizuri. Nilikuwa nimebakiwa na kazi moja, kutoisema.

Lakini mwanyumba akavua kofia, akajikuna kipara, akasema kazi ipo. Njia ya hospitali ile ina makutano mengi, kona nyingi, na giza la alfajiri. Shemeji atapotea.

Nikasimama. Nilijisikia nikisimama. Nikasema hatapotea hata siku moja, kwa sababu kila alfajiri mimi mwenyewe nitakaa kiti cha pembeni nikimwelekeza. Kata hapa, kata pale, mpaka getini. Mama mkwe akainua mikono akatuombea baraka. Mwanyumba akarudisha kofia kichwani! Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, simu bado sikioni, na nadhani waliokuwa upande wa pili walidhani amekata.

Njiani nikanunua ramani ya mji. Ni kubwa, ya rangi, ina kila barabara. Iko mezani mbele yangu sasa hivi. Nimeigeuza mara kadhaa. Nikishajua tu inashikwa upande gani, kazi imekwisha.